Ngoma ya Amani na Hesabu Yake

Ama kwa hakika sisi watu wa pwani tuna tabia moja ambayo leo nataka kuisema bila ya kuumauma maneno. Tukisikia kwamba bara kuna tamasha la ngoma za makabila mbalimbali, na kwamba makusudio yake ni kuhimiza amani na kuwachangia maskini, barazani hutokea makundi mawili. La kwanza husema hiyo ni laghwi tupu, Mwislamu hana lake pale. La pili husema mambo ya bara tuwaachie wabara wenyewe. Kisha hao na hao humaliza kahawa zao, wakaenda kuswali Isha, na jambo likaishia hapo.

Nimeyawaza haya kwa sababu ya Matisi. Kwa msomaji ambaye hajafika huko, Matisi ni mtaa ulio kandokando ya mji wa Kitale, nao ni wadi mojawapo ya eneo la Saboti, katika kaunti ya Trans Nzoia. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mambrui aliyeoa huko na kukaa miaka mingi, alinipigia simu akanambia kwamba majirani zake wanapanga ngoma ya pamoja. Watakuwako Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturukana, Wakikuyu, Wateso, Wakisii na wengineo, kila mtu na chombo chake, na kiingilio kitakachopatikana kiwalipie karo watoto waliofiwa na wazazi.

"Ndugu yangu," akanambia, "wewe ni mtunzi. Tutungie wimbo mmoja wa Kiswahili tuuimbe sote. Lakini kabla hujashika kalamu, njoo uone watu wenyewe."

Nikaenda, nikakaa siku tatu. Na yule wa barazani anayesema mambo ya bara hayatuhusu, huyo ndiye ninayetaka kumjibu kwanza.

Kitale ni mji ambao jina la pwani halijasahaulika. Wenyeji husimulia kwamba pale ilipojengwa Kitale Club, wanakocheza gofu matajiri, palikuwa kituo cha misafara ya watumwa, na kwamba watumwa walilazwa hapo usiku ndani ya boma la mawe kabla ya kuendelea na safari ya kuteremka pwani. Misafara hiyo ilikuwa ya nani? Msomaji anajua, nami najua. Mzee mmoja wa Kibukusu aliniuliza jambo hilo kwa adabu kubwa, akiniita Shekhe, tukiwa tumekaa juu ya magogo tukinywa chai. Hakuwa na uchungu. Alitaka tu kujua kama na sisi husimuliana habari hizo. Nilimjibu kwamba ni nadra. Basi mtu asiniambie kwamba amani ya Kitale haituhusu. Tulifika huko zamani sana, wala hatukufika kwa ngoma.

Halafu yako ya karibu zaidi. Tarehe 13 Agosti 1997 Likoni iliwaka moto. Kituo cha polisi kilivamiwa, askari wakauawa, na majirani zetu wa bara wakafukuzwa kwa mapanga na kwa vikaratasi vya vitisho. Wengi walikimbilia kanisa la Katoliki la Likoni, na hata huko hawakusalimika. Wakati ule nilikuwa kijana, nikivuka na feri kila siku, na nakumbuka jinsi feri zilivyojaa watu waliobeba magodoro. Wengi wao walirejea makwao magharibi mwa nchi. Kwa hiyo mtu wa Matisi anaposikia kwamba watu wa pwani ni wapole, wastaarabu, watu wa amani, huenda akawa na binamu mwenye habari nyingine.

Sasa tuje kwa Matisi yenyewe. Kwa nini makabila yote hayo yamesongamana mtaa mmoja? Jawabu ni ardhi. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda za juu walizojitengea walowezi wa Kizungu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, mashamba ya mahindi yakapanuka, na vibarua wakaletwa kutoka kila upande. Wakaishi kama maskwota katika ardhi ambayo wengine wao walijua ilikuwa ya babu zao. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 mashamba yaligawiwa na kuuzwa. Wako waliopata, wako walionunua kwa vyama vyao, na wako waliobaki mikono mitupu. Hao wa mwisho na watoto wao ndio walioijaza mitaa kama Matisi. Palipo na watu waliokosa kitu kimoja, mwanasiasa hakosi kuwaambia kwamba kimechukuliwa na jirani.

Mwaka 1992 vurugu za kikabila zilichoma nyumba sehemu za Trans Nzoia na Bungoma. Huko Mlima Elgon, ugomvi wa mpango wa makazi wa Chebyuk, ulioanza mwaka 1971, ulizaa kundi la wapiganaji lililojiita la kutetea ardhi ya Wasabaoti. Lilitesa na kuua watu kuanzia 2006, hata jeshi likaingia mwezi Machi 2008 kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, nayo ikaacha malalamiko yake ya mateso. Katikati ya hayo yakatokea ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa nchi nzima kuwa 1,133. Kitale ilipokea wakimbizi kutoka mlimani na kutoka mashambani, wengine wakaachwa wakakaa humo humo. Baadhi ya watoto watakaolipiwa karo na ngoma hii ni wajukuu wa miaka hiyo.

Hayo basi ya yule anayesema hayatuhusu. Yule wa laghwi namheshimu zaidi, maana hoja yake ina elimu ndani yake. Mimi si mufti, nilisoma chuoni kama watoto wengine wa mtaani kwetu, na najua kwamba maulamaa wamehitilafiana juu ya ala za muziki tangu kale. Sitaki kuwaamua. Lakini namkumbusha habari za Lamu, ambazo yeye mwenyewe huzijua.

Habib Swaleh alikuja Lamu kutoka Ngazija. Alipoanza kusomesha, hakusomesha wana wa waungwana peke yao. Aliwafungulia mlango wageni, maskini, watumwa na watoto wa watumwa, watu ambao waungwana wa mji hawakuona sababu ya kuwafundisha. Akaleta maulidi ya Habshi pamoja na matari yake. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa: matari ndani ya ibada! Na watu wa tabaka lile wakae safu moja na masharifu! Leo msikiti wa Riyadha upo, na kila Mfungo Sita watu kwa maelfu humiminika Lamu kutoka pwani nzima na ng'ambo, wakalishwa bila ya malipo na kupigiwa matari yale yale. Wengi wanaouliza kama ngoma inaweza kuwasogeza watu wamekwisha kusogezwa nayo.

Ila nami sitaki kuisifu ngoma kupita kiasi. Mtu wa pwani anajua kwamba ngoma hugawa watu pia. Babu zetu wa Mombasa walikuwa na vyama vya beni, Kingi na Skochi, na ushindani wao wa sare, paredi na karamu uliwaingiza watu madeni na uhasama. Hayo ni ya kuchekesha tukiyatazama leo. Yasiyochekesha ni ya Rwanda. Simon Bikindi, mwanamuziki aliyependwa sana nchini mwake, alifungwa miaka 15 na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, Desemba 2008. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatangaza barabarani kwa kipaza sauti mwaka 1994, akiwahimiza watu wawaue Watutsi. Nyimbo zake hazikumfunga, lakini mahakama ilikubali kwamba baadhi yake zilitumika kueneza chuki. Na hapa kwetu Kenya, Tume ya Waki ilizitaja redio za lugha za kikabila kwa uchochezi, nyimbo zikiwamo. Kwa hiyo anayesema muziki kwa asili yake huleta amani hajui muziki.

Tena muziki hauzuii bunduki. Goma, mashariki ya Kongo, wanalo Tamasha la Amani, na jina lenyewe ni la Kiswahili chetu. Lilikusudiwa kuanza 2013, mapigano yakaliahirisha, likafanyika mwezi Februari 2014, miezi michache baada ya waasi wa M23 kushindwa. Watu walicheza na kulia kwa furaha. Januari 2025 waasi wa jina lile lile waliuteka mji tena. Je, wale waliocheza 2014 walipumbazwa? Sidhani. Ila wimbo mmoja haukulipa deni ambalo wenye silaha na wenye migodi hawakutaka kulipa.

Ndipo nilipojiuliza kule Matisi: ngoma hii inaweza kufanya nini hasa? Jibu nililipata katika mazoezi.

Walikuwa wakifanyia mazoezi uwanjani, nyuma ya nyumba ya mtu, alasiri. Mzee wa Kibukusu alikuwa na litungu lake, na bwana mmoja wa Kisii alikuwa na obokano, zeze kubwa lenye nyuzi nane na sauti nzito kama ya mtu anayeguna. Walitakiwa wapige pamoja, na hawakupatana. Kila mmoja alifunga nyuzi zake kwa mtindo wa kwao. Wakabishana, wakakazakaza nyuzi na kuzilegeza, mmoja akakasirika akatemea mate chini. Saa nzima ilipita. Nami nilikuwa nimekaa nikitazama vyombo vile viwili, na nikaona kwamba ni ndugu wa tumbo moja: mkungu wa mbao, ngozi, mikono miwili na mti wa kukingama. Nyatiti ya Wajaluo ni wa ukoo huo, na Wakalenjin nao wana chao cha jamaa hiyo. Hatimaye yule wa Kisii alishusha uzi mmoja, Mbukusu akapandisha wake mmoja, zikakutana. Hawakukumbatiana. Mmoja alisema tu, "Haya, tuendelee." Nadhani nilichokwenda kukiona Matisi nilikuwa nimekwisha kukiona.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na mpango wa kwanza waliokuwa nao, ambao ndio mpango wa matamasha mengi ya namna hii. Kabila hili lipande jukwaani dakika kumi, lishuke. Lile lipande, lishuke. Mgeni rasmi apige makofi. Huo ni ufundi wa gwaride. Kila mtu huja kuwaangalia wa kwao, wakimaliza hutoka nje kununua karanga. Niliwashauri kwamba kila kundi lifundishwe wimbo mmoja wa kundi jingine, na liuimbe mbele ya wenyewe, hata kwa makosa ya matamshi. Vijana wa Kisabaoti wajifunze kutikisa mabega ya kamabeka, na akina mama wa Kikuyu wawafundishe Waturukana hatua za mwomboko. Watu watacheka. Na wacheke. Mwanamke mmoja alisema kwamba yeye tayari anajua nyimbo za Kisabaoti za kubembeleza watoto, kwa kuwa alilelea huko wanawe watatu kabla ya vurugu. Hakuna aliyekuwa akilijua hilo, na amekaa nao miaka kumi na saba.

Wimbo wa Kiswahili nao ulikuwa na kisa chake. Kamati ilitaka maneno ya kawaida: amani, upendo na umoja, yakaririwe mara tatu. Mimi husema kwamba nyimbo za namna hiyo ni kama chai isiyo na majani, moto na sukari tu. Zinaweza kuimbwa na mtu yeyote, hata na yule aliyetia kiberiti. Niliwapa ubeti huu uwe wa kwanza:

Nyumba yangu ikiwaka,
Jirani hakunicheka,
Ukuta akauruka,
Na debe la maji yake.

Bwana mmoja wa kamati alisimama. "Shekhe, moto tusiutaje. Yaliyolala tusiyaamshe." Wengine wakamuunga mkono. Nilielewa hofu yao, maana wao ndio watakaobaki pale kesho, si mimi. Hata hivyo niliwaambia ninavyoona: ukiufuta moto katika wimbo, umemfuta na yule jirani aliyeruka ukuta. Na majirani wa namna hiyo walikuwako. Kila niliyemdadisi faraghani alinitajia mmoja, mara nyingi wa kabila ambalo hadharani halisifiwi. Watu hao hawajaimbiwa na mtu. Kamati ilibishana mpaka taa zikawashwa. Mwisho walikubali ubeti ubaki, kwa sharti kwamba mwenye moto na mwenye debe wasitajwe kabila. Sharti hilo nililikubali upesi, kwani ndivyo nilivyoutunga.

Sasa nifikie fedha, ambazo naziona ndiyo nusu ya amani yenyewe, na ambazo waandalizi wengi huziacha ziwe mkia. Watu waliodanganyana juu ya ardhi hawawezi kuaminiana kwa nyimbo peke yake. Wataaminiana wakiona shilingi waliyoitoa pamoja imefika ilikosemwa itafika. Ikipotea, mtu atauliza mweka hazina ni wa kabila gani, na hapo tamasha la amani litakuwa limeleta ugomvi ambao haukuwapo.

Hata wakubwa wa dunia yaliwakuta. Agosti mosi 1971, George Harrison, aliyekuwa mmoja wa Beatles, pamoja na bingwa wa sitar Ravi Shankar, walifanya maonyesho mawili New York kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Fedha za kiingilio, karibu dola 243,000, zilikabidhiwa UNICEF. Lakini mapato ya sahani za santuri na filamu, yaliyokuwa makubwa zaidi, yalikwama kwa miaka mingi katika mambo ya kodi Marekani, kwa sababu shughuli haikuandikishwa mapema kuwa ya hisani. Nia ilikuwa njema, muziki ulikuwa mzuri, na wenye njaa wakasubiri makaratasi. Na karibu na nyumbani, nimewahi kusoma mashairi katika hafla moja ya kuwachangia mayatima ambayo hesabu yake haijasomwa hadi leo. Sitaitaja. Waliohudhuria wanaijua.

Kisha kuna huyu mgeni rasmi. Sisi Wakenya tumelelewa na harambee, na tunajua bahasha inavyonunua kipaza sauti. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maofisa wa serikali kushiriki harambee, na si mara ya kwanza jambo hilo kukatazwa Kenya. Marufuku ni marufuku, na bahasha ni bahasha. Niliwashauri watu wa Matisi wasiwe na mgeni rasmi kabisa. Mwanasiasa akitaka kuja na aje, alipe kiingilio kama muuza mboga, akae mkekani. Hapa kamati iligawanyika vibaya sana kuliko katika wimbo, na nilipoondoka walikuwa hawajaafikiana. Wako waliosema kwamba bila mkubwa, fedha zitakuwa chache. Ni kweli, zitakuwa chache. Lakini mia za watu elfu, hata wakiwa mia tano, zina wenyewe. Laki moja ya mtu mmoja hugeuka kuwa deni la kura kwa mtaa mzima.

Baadhi yetu tutasema sadaka hufanywa kwa siri, ya nini kutangaza? Chuoni tulifundishwa kwamba ya siri na ya dhahiri zote zina mahali pake. Anayetoa na ajifiche akipenda. Anayepokea kwa niaba ya mayatima hana ruhusa ya kujificha, maana ameshika amana.

Mwalimu wangu wa Mambrui ameshanunua daftari. Ni lile refu la jalada gumu, la wenye maduka, na kila ukurasa ameupiga mistari kwa rula: tarehe, jina au "msamaria", fedha taslimu, M-Pesa, na mahali pa sahihi mbili za watu wasio wa kabila moja. Wamepatana kwamba hesabu itasomwa mara tatu katika juma linalofuata ngoma: Ijumaa msikitini baada ya swala, Jumapili kanisani kabla ya watu kutawanyika, na Jumatatu sokoni, kwa yule asiyekwenda kokote kati ya hayo mawili.